Wali ulilala jikoni, haukunuka, ukapashwa vizuri, na mtoto akatapika. Je ni chakula?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tupo Dar huku Mbagala. Jumapili tulikua na wageni nikapika wali wa nazi na maharage sufuria kubwa, tumemaliza kula kama saa tatu usiku, kilichobaki nikafunika nikaacha juu ya jiko maana mama mkwe anasema chakula cha moto kikiingia kwenye friji kinageuka sumu na friji yenyewe inakufa. Nikasema kikipoa ntaweka, nikapitiwa na usingizi. Asubuhi saa moja nikanusa, hakina harufu yoyote, hakijachacha, nikapasha mpaka kikafuka moshi tukala wote. Saa nne mwanangu wa miaka minne akaanza kutapika, katapika mara tano, jioni akawa mzima anacheza. Sisi wengine hatukupata kitu. Mume wangu anasema sio chakula kwasababu kilichemka na wote tulikula. Je ni chakula au sio? Ntajuaje kimeharibika kama hakinuki? Na umeme huku unakatika sana, friji inanisaidia kweli? Alafu tumeletewa mahindi debe mbili kutoka kijijini, mengine yana ukungu, mama anasema tuyaanike juani tukasage. Ni sawa?"

Dada yangu, pole sana na pole kwa mtoto, na nashukuru umeandika kila kitu na saa zake maana hizo saa ndo zinanisaidia kukujibu. Umeniuliza maswali kama manne lakini nikiyaangalia yote yametoka sehemu moja, na sio wewe tu, ni nyumba nyingi sana ninazokutana nazo kwenye kazi hii. Tumefundishwa kwamba chakula kibovu kinanuka, na kwamba moto unamaliza kila kitu. Yote mawili yana ukweli nusu, na huo ukweli nusu ndo unaotuumiza.

Nianze na ya mumeo kwasababu hoja zake sio za kijinga hata kidogo. Anasema kilichemka. Sawa, kilichemka, na bakteria waliokuwemo asubuhi ile wengi walikufa, hapo yuko sahihi. Ila kuna kitu kingine ambacho moto wa asubuhi haukukigusa. Mchele unatoka shambani, na kwenye udongo kuna bakteria mmoja anaitwa Bacillus cereus, huyu anajifungia kwenye kitu kama kijimbegu kigumu, kikavu, ambacho kinaweza kukaa kwenye mchele miezi na miezi kimelala tu. Ukichemsha wali jioni, bakteria wa kawaida wanakufa lakini hivyo vijimbegu vinavumilia yale maji ya moto, vinatoka hai. Tena joto la kupika ndo linaviamsha. Wali ukianza kupoa, vinachipua, anatoka bakteria mzima, anakuta ana chakula, ana maji, ana vuguvugu na wenzake wote wanaoshindana naye wameshakufa, anaanza kuzaliana. Na wakishakuwa wengi, baadhi yao wanamwaga sumu ndani ya wali.

Sasa hiyo sumu ndo ishu yenyewe. Haiuliwi na moto wa jikoni. Hata ukiiweka nyuzi 121, joto ambalo hata sufuria la presha linalifikia kwa shida, saa nzima na zaidi bado inakuwepo. Kwahiyo asubuhi ulipopasha uliua bakteria, lakini sumu waliyoiacha usiku ilibaki vilevile na ikaenda kwenye sahani. Ndo maana nasema kupasha sio kosa, ni lazima upashe, lakini kupasha hakurudishi nyuma yale masaa ambayo chakula kilikaa nje.

Hoja yake ya pili, kwamba mlikula wote. Hii nayo naisikia sana. Sumu haijichanganyi sawasawa kwenye sufuria kama chumvi, kuna sehemu bakteria walizaliana sana (mara nyingi katikati ambako joto lilikaa muda mrefu) na kuna pembeni ambako hawakufika, kwahiyo nani alipakuliwa wapi ina maana. Na kingine mtoto wa miaka minne ana kilo kumi na tano au kumi na sita hivi, wewe na mumeo mna mara nne au tano ya hizo, kiasi kilekile ambacho kwako ni tumbo kukoroga kidogo na usikumbuke kesho, kwake ni kutapika mara tano.

Je naweza kuapa kwamba ni ule wali? Hapana, na ningekudanganya nikisema ndiyo. Watoto wanatapika kwa virusi pia, na kuna bakteria mwingine wa mikononi na puani kwetu (Staphylococcus) ambaye naye anaacha sumu isiyokufa kwa moto na anatapisha ndani ya masaa machache. Lakini angalia saa zako: mmekula saa moja, ameanza saa nne, masaa matatu. Sumu ya Bacillus cereus inatapisha kuanzia nusu saa mpaka masaa sita baada ya kula, na mara nyingi inaisha ndani ya siku hiyohiyo. Ukiniuliza mimi, ni chakula.

Sasa kuhusu pua. Harufu ya kuchacha, ile povu juu ya maharage, ule utelezi ukichota na nyuzi zinavutika kwenye mwiko, tui kukatika na kuwa na ladha ya ukakasi, hizo zote zinatengenezwa na vijidudu vya kuozesha, na vingi kati ya hivyo wala sio vinavyokuumiza sana. Wanaokuumiza ni kundi jingine na wao wanaweza kufika idadi ya hatari bila kubadilisha harufu, rangi wala ladha. Yaani ni makundi mawili tofauti yanaishi kwenye sufuria moja, wakati mwingine la kuozesha linatangulia na linakuokoa kwasababu unanusa unamwaga, wakati mwingine la sumu linatangulia na pua haikwambii kitu. Kwahiyo pua ikisema mwaga, mwaga, usijadiliane nayo, usikamulie ndimu wala usiongeze pilipili na vitunguu kufunika ile harufu. Ila pua ikisema iko poa, hapo uliza saa: kilitoka jikoni saa ngapi na kimekaa wapi tangu hapo.

Najua mtu atauliza, mbona mtindi na togwa vinachacha na tunakunywa miaka yote. Ni kweli na ni swali zuri. Kule tunachachusha makusudi, bakteria wa asidi wanaanza mapema na kuchachua haraka kiasi kwamba wengine wabaya wanashindwa kuishi, ile asidi ndo ulinzi. Wali na maharage ya nazi havina huo ulinzi, vinakaa bila asidi usiku kucha, na vikija kuchacha asubuhi ni kwamba wengine walishapita zamani.

Nikupe kitu nilichokiona kwa macho yangu maana maneno matupu hayatoshi. Niliwahi kupika nyumbani maharage ya nazi kama lita tano, sufuria la bati zito, nikaepua saa mbili usiku yakiwa yanatokota, nikafunika nikayaacha juu ya meza kama tunavyoacha wote. Jikoni kulikuwa nyuzi 29. Saa sita usiku nikaamka nikachoma themomita ya chakula katikati ya sufuria. Mfuniko ulikuwa umeshapoa, sufuria ukiigusa pembeni unasema hii tayari, lakini katikati themomita ilisoma 44. Saa kumi alfajiri nikarudi, ikasoma 32. Juu kulikuwa na ngozi ya nazi imeganda, nzuri kabisa, nikainusa, inanukia nazi na vitunguu, hakuna shida yoyote ya harufu.

Kwanini hizo namba zina maana? Chakula kikiwa juu ya nyuzi 60 bakteria hawawezi kuzaliana, kikiwa chini ya 5 wanalala. Kati ya hapo ndo wanakula bata, na maharage yangu yalikaa kati ya hapo karibu usiku mzima. Bakteria wengi kwenye joto zuri wanajigawa kila dakika ishirini hivi, mmoja anakuwa wawili, wawili wanne. Ndani ya masaa saba mmoja tu anakuwa zaidi ya milioni mbili. Na ile 44 ya saa sita usiku ndo joto analolipenda kuliko yote bakteria mwingine wa masufuria makubwa, Clostridium perfringens, huyu anaweza kujigawa kila dakika kumi. Yeye ndo wa makande, supu, nyama ya kuchemsha na yale masufuria ya pilau la shughuli, na dalili zake ni tumbo kukata na kuharisha baadaye kidogo, masaa sita mpaka ishirini na nne. Kwa huyu mumeo yuko sahihi zaidi, maana perfringens anatengeneza sumu yake akishafika tumboni, kwahiyo ukipasha sawasawa ukamuua kwenye sufuria umejiokoa. Shida ni kwamba hujui sufuria yako usiku ule imepata yupi.

Tuje kwa mama mkwe. Naomba usimwambie kwamba anakosea, kwasababu ana ukweli ndani yake. Ukiingiza sufuria la lita tano linalotokota kwenye friji ndogo, joto lake linapasha maziwa na nyama vilivyo pembeni, mota inafanya kazi bila kupumzika, na katikati ya sufuria bado patabaki vuguvugu masaa mengi tu. Hilo la friji kuteseka lipo. Lakini chakula kugeuka sumu kwasababu kimeingia friji kikiwa cha moto, hapana, hakuna kitu kama hicho. Sumu inatengenezwa kwenye kusubiri kipoe.

Kwahiyo dawa sio kuingiza sufuria zima la moto wala kuliacha lipoe lenyewe, dawa ni kulipoza wewe kwa nguvu. Wali unautoa kwenye sufuria unautandaza kwenye sinia pana, unene wa vidole viwili usizidi, unafunika na kitambaa chepesi kwa ajili ya nzi, unauweka chini ya feni. Ndani ya nusu saa hivi umepoa wa kutosha kuingia friji. Maharage na mchuzi unagawa kwenye kontena bapa au vibakuli vidogo, unaviweka kwenye karai la maji ya baridi, unakoroga kila mara, maji yakipata moto unabadilisha. Vikiacha kufuka moshi na ukigusa chombo mkono unavumilia, weka friji hata kama bado ni vuguvugu, acha nafasi kati ya vyombo hewa ipite. Yote hii iishe ndani ya masaa mawili toka uepue, na siku zile za joto kali la Januari na Februari ambapo hata ndani hakukaliki jipe saa moja.

Na kitu kingine kidogo ambacho watu hawakifikirii: kiporo cha kesho kitoe kabla hamjaanza kula. Sio mnakula kwenye sinia moja, mikono imeingia, mtoto karudisha kijiko alichoramba, alafu kilichobaki ndo kinakuwa kiporo. Wale Staphylococcus niliowataja wanaingilia hapo. Ukishapakua, pima cha kesho mapema weka pembeni kipoe wakati nyie mnakula, kisaa cha kula na kupiga stori na wageni kinatosha kabisa, na hutapitiwa na usingizi tena.

Kikishaingia friji, wali ule kesho yake, usivushe hapo. Maharage na nyama siku tatu. Ukitoa, toa cha kula tu, pasha mpaka kichemke kabisa mpaka katikati (kama una themomita iwe juu ya nyuzi 74), koroga maana kwenye jiko la mkaa chini kunaungua na juu bado baridi, na ukishapasha kikibaki tena usikirudishe. Kwa maharage mimi nakushauri uachane kabisa na kuhifadhi ya nazi. Chemsha maharage ya wiki nzima na chumvi tu, gawa kwenye mifuko au kontena za mlo mmoja mmoja, gandisha kwenye friza, siku ya kula unatoa fungu moja unaunga na nazi ya siku hiyo. Inaokoa gesi, inaokoa muda, na ladha ya tui bichi wala hailingani na la kupasha.

Umeme. Umeuliza kama friji inakusaidia kweli na hilo wasiwasi wako uko sahihi, maana friji isiyofika chini ya nyuzi 5 ni kabati tu lenye taa. Nunua themomita ndogo ya friji, zipo, au hata ya kawaida uiweke ndani ya glasi ya maji katikati ya friji usiku mzima, asubuhi usome. Kama inasoma 9 au 10, angalia ule mpira wa mlango: bana noti kwenye mlango ufunge alafu uivute, ikitoka kirahisi mpira umechoka na baridi inavuja hapo. Kile kitasa cha namba ndani, kwa friji nyingi namba kubwa maana yake baridi zaidi, watu wengi wanakiweka kinyume wakidhani ni joto. Na barafu ikijaa kuta za friza yeyusha, ile barafu nene inazuia baridi isitoke.

Umeme ukikatika usifungue mlango, hilo tu. Friji iliyofungwa inashika baridi kama masaa manne. Friza iliyojaa inaweza kwenda siku mbili, ikiwa nusu siku moja, kwahiyo kama friza yako ina nafasi jaza chupa za maji zigande, zinasaidia kushika baridi. Baada ya masaa manne vyakula vya friji vilivyopikwa, nyama, samaki na maziwa inabidi uamue kwa ukali, umwage, ila matunda, nyanya, siagi na vitunguu havina shida. Kama hujui umeme ulikatika muda gani (mmetoka kazini mmekuta umerudi), tumia njia hii: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kikombe kikae humohumo kwenye friza. Ukirudi ukakuta sarafu bado iko juu, sawa. Ukikuta imezama chini na barafu imeganda juu yake, ujue kila kitu kiliyeyuka kikagandishwa tena wakati haupo.

Na kama friji imekufa kabisa au hakuna, usihangaike na ujanja mwingi, pika kidogo. Kupima kopo la mchele kwa idadi ya watu ni ulinzi mkubwa kuliko kifaa chochote. Chakula cha mtu atakayechelewa kurudi kiingie kwenye hotpoti kikiwa cha moto sana, hotpoti yenyewe uisuuze kwanza na maji ya moto, kikae humo masaa mawili matatu, sio mpaka asubuhi. Ile mitungi miwili ya udongo yenye mchanga wa maji katikati inafanya kazi vizuri sehemu kavu kama Dodoma na Singida, kwa mboga na matunda. Dar na pwani hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka kwahiyo hayapozi, usipoteze hela.

Mama atasema babu zetu walikula kiporo na hawakufa. Mimi mwenyewe nimekua na kiporo na chai, naelewa. Lakini kiporo cha zamani mara nyingi kilikuwa ugali, mihogo, viazi, vitu vilivyokauka kidogo, kimewekwa kwenye jiko la kuni ambalo majivu yake yana moto mpaka alfajiri, na kinaliwa kabla ya kwenda shamba. Sio wali wa nazi kwenye nyumba ya bati iliyobanana. Na pia waliugua, ila kutapika siku moja nani anakumbuka, na watoto waliofariki kwa kuhara walikuwa wengi tu. Ukweli ni kwamba kila usiku mmoja hatari ni ndogo, mara nyingi mtakula na hakuna kitakachotokea, ndo maana imani hii haifi. Ila ukirudia mara mia kwa mwaka na nyumbani kuna mtoto mdogo au mjamzito au mzee, siku moja inagonga.

Neno moja la samaki nikiwa hapohapo. Vibua na jodari wakikaa juani kabla ya kupikwa wanatengeneza kitu kinaitwa histamini, hiki nacho moto haukitoi. Ukila samaki akakuwasha mdomoni kama ana pilipili, uso ukaiva na kichwa kikagonga ndani ya saa moja, watu wanasema aleji, mara nyingi ni samaki aliyekosa barafu. Nunua aliye kwenye barafu au nunua mapema.

Sasa mahindi, na hapa naomba unisikilize zaidi ya pote. Ule ukungu unaweza kuwa ni wa aina inayotengeneza sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa jua, haitoki kwa kusaga, haitoki kwa kusonga ugali wala kuchemsha uji. Jua linafanya kazi moja tu, linazuia ukungu mpya. Sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje inabaki, na ukisaga unaisambaza kwenye unga wote usiweze tena kuichagua. Hii sio hadithi ya vitabuni. Mwaka 2004 Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walifariki kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Huku kwetu mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua 68 wakafariki 20. Hao ni waliokula nyingi kwa mara moja. Wanaokula kidogo kidogo miaka mingi ini ndo linaumia, na saratani ya ini iko hapo.

Kwahiyo fanya hivi. Mwaga mahindi kwenye mkeka penye mwanga, uchague punje kwa punje, toa zote zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa na zilizovunjika. Sumu haikai sawa kwenye punje zote, inajikusanya kwenye chache zilizoharibika, kwahiyo kuchagua kunapunguza sana. Yaliyobaki yakoboe, usile dona kwa mahindi haya, maana sehemu kubwa inatoka na pumba. Lakini kama ukichagua unaona mabaya ni mengi, ukishika kiganja una punje tatu nne zenye ukungu, au gunia zima lina harufu ya uvundo, hapo sikushauri kuchagua, fukia yote. Najua inauma, debe mbili ni hela na ni jasho la mtu kijijini. Usiwape kuku wala ng'ombe, kwa ng'ombe sumu inapita mpaka kwenye maziwa. Na hata yakionekana mazuri baada ya kuchagua, uji wa watoto usiutoe kwenye mahindi haya.

Waambie wa kijijini kabla hawajahifadhi mavuno yajayo wapime unyevu kwa chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kabisa kijiko kimoja, punje za mahindi robo ya chupa, unafunika, unatikisa dakika kadhaa, unaiacha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado mahindi ni mabichi, yaanikwe tena, juu ya turubai sio chini kwenye udongo. Ikibaki inacheza chini yanafaa kuhifadhiwa, kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mwisho mtoto. Kwa kuwa alipona jioni ileile huna haja ya kumpeleka leo. Ikitokea tena, mtoto akitapika mpe ORS (ule unga wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, kijiko kimoja kimoja kila dakika moja au mbili, sio kikombe kizima maana atakirudisha. Akiharisha aendelee kula, na ulizie madini ya zinki kituo cha afya, yanatolewa siku 10 mpaka 14. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara ya watu wazima na usimpe antibayotiki kwa kukisia, kwa sumu iliyokwisha tengenezwa haisaidii kitu.

Usisubiri nyumbani kama anatapika kila kitu hata ORS haikai, kama masaa sita hajakojoa, macho yamezama, analegea au anasinzia tofauti na kawaida yake, kuna damu kwenye choo au matapishi, ana homa kali au degedege, au macho yamekuwa ya njano. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, na ORS umpe njiani. Mtoto chini ya mwaka mmoja usingoje dalili nyingi, nenda mapema. Ukifika mwambie daktari alikula nini, saa ngapi, chakula kililala wapi na nani mwingine amekula, kama ulivyoniandikia mimi, na kama kile chakula bado kipo chukua kiasi kwenye kontena safi lililofunikwa uende nacho.